Kodi ya Manispaa ya London

Walthamstow, London
24 Septemba 1967

Kwako Himid,

Nimefika, nimepata chumba, nimepata kazi, na juzi Ijumaa nimepokea mshahara wangu wa kwanza wa Uingereza. Nimeitazama ile bahasha mpaka wenzangu wakanicheka.

Chumba ni cha mama mmoja mjane wa Kisumu aliyetangulia huku miaka mitatu iliyopita. Jina lake Vasanti, na sisi wapangaji tunamwita Vasantiben kwa heshima. Kila asubuhi anatukagua mlangoni kama tumevaa soksi mbili mbili. Karibu nasi kuna soko la barabarani, refu hata sijafika mwisho wake. Ndizi wanauza kwa kupima kwenye mizani. Ungewatukana.

Kazi ni kwenye kiwanda cha biskuti, upande wa mishahara. Mwambie hivyo Sudha, na baba yake pia.

Sasa tuje kwenye mambo ya maana. Miaka kumi na mmoja tumekaa meza moja pale kiwanda cha kamba Changamwe, nawe unajua katika kukisia mshahara hakuna aliyenishinda. Wewe ulikuwa ungali unatafuta kalamu, mimi nimeshasema huyu atapeleka nyumbani shilingi mia mbili na sita, na mashine ya hesabu ikaja kunisadiki. Basi hapa nimejikisia mwenyewe. Mshahara ni pauni kumi na saba kwa wiki. Serikali inakata kodi yake, kuna stempu ya bima, basi. Nikitoa chumba, chakula, basi, gesi na fedha za kumpelekea Sudha, zinabaki pauni tatu na shilingi kumi, yaani tatu na nusu, kila wiki. Nilishuka ndege nikiwa na pauni kumi na nne. Nauli ya Sudha ni pauni themanini. Kwa hiyo wiki kumi na tisa tu, na mwisho wa Januari mke wangu anapanda ndege.

Hebu nihakikishie. Siyo kwamba nina wasiwasi, nataka tu kusikia ukikubali.

Mimi wako,
Suresh


Mombasa
8 Oktoba 1967

Bwana Suresh,

Barua yako nimeisomea ofisini kwa sauti, na meza yako wamempa kijana mmoja anayehesabu kwa vidole. Tumekukumbuka sana, siku hiyo hasa.

Sikubali. Kisio lako limekosea, tena kosa ambalo angelifanya karani wa wiki ya kwanza. Umekata kodi ya serikali. Kodi ya manispaa iko wapi? Wewe na mimi tumekata kodi mbili kwenye kila mshahara tangu tulipoajiriwa: ya serikali kwanza, kisha ya manispaa, kila moja kwa daraja lake la mshahara, halafu tukazijumlisha. Umepanda ndege ukaiacha moja Mombasa!

Usiniambie London haina manispaa. Mji mdogo kama huu wetu una askari wanaosimama sokoni kuulizia risiti za kodi, sembuse mji wenye watu milioni nane? Hizo taa za barabarani nani anazilipia? Kama haionekani kwenye karatasi yako ya mshahara, maana yake wanaidai wenyewe, mkononi, mwisho wa mwaka, pamoja na faini. Na tafadhali usiende kuuliza. Unajua vizuri anayeuliza habari za kodi hii ni yule ambaye hajalipa.

Nimekukisia. Nikilinganisha na daraja lako la hapa, na ukubwa wa mji, weka kando pauni moja na shilingi kumi kila wiki, na zile wiki zilizopita uzijazie. Zinakubakia pauni mbili za kuweka akiba. Nauli itatimia mwezi wa Mei. Tuseme Juni, kwa sababu utahitaji koti.

Lakini Juni si mwezi mzuri. Siwezi kusema zaidi, nimeapishwa na wanawake wawili, mmoja wao mke wangu Ummukulthum, na unajua kiapo chake. Mwandikie Sudha umwulize ana habari gani.

Pia ninakilie karatasi yako ya mshahara, mstari kwa mstari, niihakiki vizuri.

Wako,
Himid


Walthamstow
29 Oktoba 1967

Himid, ndugu yangu,

Nitakuwa baba!

Sudha ameniandikia kurasa nne. Alijua tangu kabla sijaondoka, akanyamaza, kwa sababu alijua nikisikia nitairudisha tikiti. Amesema kweli, ningeirudisha. Miaka saba tumengoja mtoto huyu, Himid, unajua tulikozunguka. Nimeisoma barua ile ndani ya basi nikapitilizwa vituo vitano, na kondakta alipokuja nikamwambia yeye kwanza kabla ya mtu mwingine. Hakunitoza zile nauli za vituo vya ziada.

Daktari anasema mtoto atakuja kama tarehe kumi Aprili. Lakini ndege hawamchukui mwanamke bila barua ya daktari, na daktari hataandika barua baada ya tarehe kumi na tano Februari. Akikosa hapo, itabidi ajifungulie huko, kisha wangoje mpaka mtoto apate nguvu za kusafiri. Mtoto wangu ataanza kutambaa sijamwona. Hapana, sikubali.

Kwa hiyo Februari nauli iwepo. Na hapo ndipo kodi yako ya manispaa inaponikaba koo. Bila hiyo, kisio langu la kwanza linatimia Januari bila taabu. Nayo ikiwepo, mwisho wa Januari nitakuwa na pauni hamsini na mbili, pungufu ya ishirini na nane. Fedha ya manispaa naiweka ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati. Nililijazia na zile wiki za nyuma kama ulivyosema. Linanitazama nikilala.

Karatasi ya mshahara hii hapa, kama ulivyotaka: Saa za kawaida arobaini na mbili. Ovataimu saa saba. Jumla pauni kumi na saba na shilingi mbili. Kodi ya mapato pauni mbili na shilingi tisa. Stempu ya bima shilingi kumi na sita. Kufua ovaroli, shilingi moja na peni sita. Tazama mwenyewe, hakuna mahali wameandika manispaa.

Mwambie Ummukulthum asimwache Sudha anyanyue kitu chochote.

Suresh, baba mtarajiwa


Mombasa
12 Novemba 1967

Baba mtarajiwa,

Hongera, hongera, na mara ya tatu hongera. Unajua nilivyoteseka kufunga mdomo kwa wiki nne? Nilikuwa nakula chakula cha Sudha kila Jumapili huku nikimtazama mwenzangu Ummukulthum, na Ummukulthum akinikanyaga mguu chini ya meza.

Nimeihakiki karatasi yako. Hesabu zao ziko sawa. Ila, ndugu yangu, nimesimama kwenye mstari wa mwisho.

Kufua ovaroli.

Nimeandika karatasi za mishahara maelfu, na sijaona karani anayefuliwa ovaroli. Karani halipwi kwa saa, wala hapati ovataimu. Suresh, wewe uko upande wa mishahara kweli, lakini upande wa kuipokea.

Sijamwambia mtu. Sudha anadhani umekaa juu ya kiti kirefu na tai shingoni, na baba yake amewatangazia mtaa mzima. Niandikie ukweli ukitaka, usipotaka usiniandikie. Kwangu hujapungua hata nukta moja.

Kuhusu kopo, najua linakuuma. Hata mimi limeniuma, nimerudia kisio langu mara tatu nikitafuta mahali pa kulipunguza. Lakini usiliguse. Fikiria Sudha amefika na tumbo lake, halafu askari wa manispaa wanabisha mlangoni.

Himid


Walthamstow
26 Novemba 1967

Himid,

Wewe ni shetani mwenye macho mazuri.

Ndiyo, napakia makopo. Makopo ya biskuti yanakuja kwenye mkanda, mimi nayashusha, nayapanga kwenye kitoroli, nakisukuma mpaka kwenye lori. Nilipita ofisi tisa na vyeti vyangu. Walivisifu vyote, wakanirudishia. Ofisi ya kumi ilikuwa hii ya kiwanda, wakaniuliza kama mgongo wangu ni mzima. Nikawaambia mzima.

Nilikudanganya kwa sababu ya aibu, na sasa nikiandika naona aibu yenyewe ilikuwa ya bure. Kazi si mbaya. Nakula biskuti zilizovunjika bila malipo. Karani wa mishahara, kijana wa Kiingereza anayeitwa Lawrence, anakuja Ijumaa kugawa bahasha, na mimi namkisia kila mtu kabla hajaifungua. Ijumaa iliyopita nilimwambia mzee mmoja wa Jamaika bahasha yake imepungua shilingi sita. Wakacheka. Akahesabu, imepungua shilingi sita. Sasa kila Ijumaa wanapanga foleni kwangu kwanza. Lawrence ananiita profesa, na nadhani ananiogopa kidogo.

Usimwambie Sudha. Nitamwambia mwenyewe akifika.

Kopo sijaligusa. Lakini nimekuwa mtu wa ajabu barabarani. Kuna polisi mmoja anayezunguka sokoni, mrefu, kofia yake ile ndefu inamwongezea urefu. Kila nikimwona navuka barabara. Sina risiti, Himid! Mfukoni mwa shati, pale pa kuwekea risiti, pako wazi, na mkono wangu hauachi kupapasa. Jana nilivuka mara tatu ndani ya soko moja nikagongwa na mkokoteni wa viazi.

Suresh


Mombasa
3 Januari 1968

Suresh,

Idi imepita salama na ninakuandikia tumbo likiwa limejaa. Pilau la mwaka huu Sudha alilisimamia yeye, akiwa amekaa kwenye kiti kama jaji. Yu mzima, anang'ara, na mtoto anapiga mateke kila akisikia adhana, kwa hiyo Ummukulthum ameshaanza kumdai.

Sikukujibu mapema kwa sababu nilipata shughuli kidogo mjini, ikanichelewesha. Mambo ya kawaida. Sina zaidi, ila nasisitiza tena: kopo usiliguse, weka kila wiki bila kukosa, na manispaa si watu wa kuchezewa.

Nampa Sudha kalamu, anataka kukusalimu. Nimemwambia aandike Kiswahili, kwenye barua yangu hapaandikwi siri za Kigujarati.

Himid

Mume wangu, naandika Kiswahili makusudi ili shemeji Himid asome ninavyomsema. Hiyo "shughuli kidogo mjini" ni kwamba alikamatwa! Alikwenda sokoni kununua kitambaa cha Idi, akiwa amevaa suruali mpya, na risiti yake ya kodi ikabaki kwenye suruali ya zamani. Askari wa manispaa wakamweka uani kwao pamoja na wauza machungwa, tangu saa nne asubuhi mpaka alasiri. Yeye, anayewakatia kodi watu mia tatu! Ummukulthum alipomfikishia risiti alimkuta amewapanga wauza machungwa mstari anawakisia kodi zao. Nimecheka mpaka Ummukulthum akaogopa nitajifungua. Najua unahangaika na nauli. Usile kidogo kwa ajili yangu. Nikija nataka kukuta mtu, sitaki kukuta kanzu imetundikwa. Sudha.


Walthamstow
28 Januari 1968

Himid! Himid! Himid!

Kaa chini kwanza. Kama umesimama, kaa.

Barua yenu ya Idi ilinichekesha siku nzima, lakini usingizi ukakatika. Nikasema, kama Himid mwenye risiti wamemkamata, mimi nisiye nayo watanifanya nini? Na Sudha atakuja katika nyumba ya mtu anayetafutwa? Nikaamua kujisalimisha. Nilitaka kuwapelekea nilichonacho, na faini niwaombe waningoje nimalize nauli kwanza. Jana Jumamosi asubuhi nikavaa suti, nikachukua kopo la biskuti chini ya kwapa, nikaenda ofisi ya manispaa.

Jengo lenyewe utadhani ni la mfalme. Ndani kuna kaunta ndefu, na nyuma ya kaunta msichana mmoja mpole. Nikalifungua kopo mbele yake, nikamwambia nimekuja kulipa kodi ya manispaa ya mshahara wangu, wiki kumi na tisa, na kama kuna faini naomba wanionee huruma, mke wangu ni mjamzito.

Akaniuliza, "Nyumba yako ni namba gani?"

Nikamwambia sina nyumba, nina chumba tu.

"Basi hudaiwi kitu."

Nikamwambia, dada, tazama vizuri. Nafanya kazi tangu Septemba. Nina mshahara. Ninao ushahidi. Nikatoa karatasi zote kumi na tisa nikazitandaza kwenye kaunta yake. Akaenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa akaja na miwani, akazisoma zote, akamwita wa tatu. Nyuma yangu foleni imejaa. Wale watatu wananong'ona. Nikajua yamekwisha, wananitafutia pingu.

Ndipo nikasikia sauti ya Kigujarati nyuma yangu: "Suresh, hilo si kopo langu la biskuti?"

Vasantiben! Amekuja kulipa kodi ya nyumba yake. Nikamweleza. Alianza kucheka taratibu, kisha akashika kaunta, kisha akamshika mtu asiyemjua. Himid, nisikilize: hapa manispaa haitozi mshahara. Haijawahi. Inatoza nyumba. Mwenye nyumba ndiye anayelipa, na yeye huipachika ndani ya kodi ya chumba. "Umekuwa ukiilipa kila Jumamosi," akaniambia akijifuta machozi, "kwenye kiganja changu mimi."

Yule mwenye miwani akanisukumia kopo langu, akasema kwa miaka ishirini na sita hapo hajapata kuona mtu aking'ang'ania kulipa asichodaiwa, akaomba kunishika mkono.

Sasa hesabu, maana najua umeshaanza. Akiba pauni hamsini na mbili. Kopo, wiki kumi na tisa kwa pauni moja na shilingi kumi, pauni ishirini na nane na shilingi kumi. Jumla pauni themanini na shilingi kumi. Nauli ni themanini! Tumetoka pale moja kwa moja mimi na Vasantiben mpaka kwa wakala wa ndege, na zile shilingi kumi zilizobaki nimemnunulia yeye maua na mimi soksi.

Tikiti imelipiwa huku, inamngoja Sudha Nairobi kwa jina lake. Tarehe kumi na tatu Februari. Zitakuwa zimebaki siku mbili kabla daktari hajafunga kalamu yake.

Na tusisahau. Wiki kumi na tisa, mwisho wa Januari. Kisio langu la kwanza lilikuwa sahihi, na wewe ndiye uliyeliharibu. Nadai mahamri kumi na mawili.

Suresh, mshindi


Mombasa
19 Februari 1968

Mshindi,

Nimekubali. Naandika kwa mkono wangu ili uitundike ukutani: Himid alikosea. Nilikuwa nimeikisia kodi isiyokuwepo, na kwa ustadi mkubwa. Ofisini wamenitungia jina, sasa naitwa Manispaa ya London.

Lakini fikiria vizuri. Bila kodi yangu, hizo pauni ishirini na nane ungezila. Nakujua, ungenunua redio. Kopo langu ndilo lililokuwekea. Basi mahamri nitatoa sita, hayo sita mengine ni ada yangu.

Tumemsindikiza Sudha sisi wawili, kwa treni mpaka Nairobi. Pale uwanja wa ndege wa Embakasi palikuwa pamejaa watu na masanduku, wazee, watoto, kila mmoja anasema mlango wa Uingereza utafungwa kwa Wahindi wa huku mwisho wa mwezi. Watu walikuwa wakilia. Ummukulthum naye alilia kwa nguvu kuliko wote, nami nilimwambia anyamaze huku nikilia. Sudha ndiye aliyetubembeleza. Alikwenda mpaka mlangoni kwa mwendo ule wake wa sasa, akarudi, akavua kanga ya begani aliyopewa na Ummukulthum, akaivaa kiunoni vizuri, akaenda tena.

Nyumba yetu imekuwa kubwa ghafla. Jumapili nimepika mwenyewe, na sipendi kulizungumzia.

Tuandikie haraka.

Himid


Walthamstow
10 Machi 1968

Himid na shemeji Ummukulthum,

Amefika. Amekaa hapa kitandani amenifungia kanga miguuni, akisema miguu yangu ni barafu.

Pale uwanjani nilimwona kabla hajaniona. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia kuhusu kazi. Himid, sikupata nafasi. Alinishika mkono, akaugeuza, akatazama kiganja, akapitisha kidole kwenye sugu moja moja. Akasema, "Karani wa Uingereza anaandika kwa nguvu sana." Kumbe alijua tangu barua yangu ya pili, kwa sababu kila bahasha niliyompelekea ilikuwa na unga wa biskuti kwenye mikunjo. Akanyamaza ili nisione aibu. Mimi, wewe na yeye, kila mmoja alikuwa anamfichia mwenzake kitu kimoja.

Sasa sikia habari ya kazi yetu. Lawrence amenieleza jambo. Huku mwaka wa kodi unakwisha tarehe tano Aprili. Mwenye mtoto kuna sehemu ya mshahara wake haikatwi kodi, na mtoto akizaliwa siku yoyote ndani ya mwaka, hata siku ya mwisho kabisa, wanamhesabu kama alikuwepo mwaka mzima! Akizaliwa tarehe tano, narudishiwa karibu mshahara wa wiki nzima. Akizaliwa tarehe sita, sirudishiwi hata peni.

Daktari anasema tarehe kumi.

Shemeji, una kazi. Kwetu jina la mtoto hutolewa na dada wa baba, nami sikuzaliwa na dada. Sudha akaniambia, "Dada yako unamjua, yuko Mombasa, anapika pilau." Tafadhali tutumie jina.

Suresh

Shemeji Himid, mwambie rafiki yako mtoto si mfanyakazi wa kiwanda cha kamba. Atakuja atakapotaka. Tangu juzi ananitembeza sokoni asubuhi na jioni, akidai ni kwa afya yangu. Sudha.


Mombasa
24 Machi 1968

Suresh na Sudha,

Ofisi nzima imekisia. Mimi nimesema tarehe tatu. Meneja nane. Yule kijana wa vidole amesema tarehe kumi na mbili na hatuzungumzi naye. Ummukulthum, ambaye hajapiga hesabu tangu shule, alikuwa akichagua mchele, hata hakuinua uso: "Ijumaa ya mshahara. Mtoto wa Suresh atazaliwa siku ya mshahara." Nimetazama kalenda. Ijumaa ni tarehe tano.

Jina liko ndani ya kikaratasi kilichokunjwa. Hajaniruhusu kusoma. Amesema kwa mvulana mtafute wenyewe, yeye anajua ni msichana.

Tunangoja kama watu wa kura.

Himid


Walthamstow
14 Aprili 1968

Kwako Himid, Manispaa ya London, na kwako shemeji wa pekee,

Msichana! Ijumaa, tarehe tano Aprili, saa kumi alasiri.

Asubuhi Sudha alikuwa anamenya vitunguu, akaweka kisu, akaniambia kwa utulivu kabisa, "Ita gari, na usiseme neno lolote kuhusu kodi." Sikusema. Nilikaa kwenye benchi la hospitali pamoja na Vasantiben aliyenishika mkono wa koti, na sikukumbuka kodi, wala mwaka, wala bahasha yangu ya mshahara niliyoiacha kiwandani. Nesi alipotoka na kitu kidogo chekundu ndani ya blanketi, nililia, Himid, bila haya. Alikuwa na nywele nyingi na alikuwa amekasirika. Miaka saba. Nikamwambia karibu, karibu, karibu, neno jingine sikuwa nalo.

Saa moja baadaye Sudha akafungua macho, akanitazama, akasema, "Haya, sema sasa." Nikasema. Alicheka mpaka nesi akanitoa nje.

Tulikifungua kikaratasi pamoja. Anaitwa Lila. Shemeji, Vasantiben anasema ni jina letu kabisa, na mimi najua mtaani kwenu wako watatu. Litafaa akija kwenu na litafaa akiwa kwetu. Asante sana.

Lawrence ameniletea fomu yeye mwenyewe nyumbani, akamshika mtoto, akasema hajapata kuona profesa aliyekisia vizuri hivi. Nikamwambia aliyekisia yuko Mombasa anachagua mchele.

Nimalizie na hili. Alhamisi nimekwenda kumwandikisha mtoto, wakanipa cheti chake. Nikakikunja, nikakitia mfuko wa shati, pale pa risiti. Nikapita sokoni. Yule polisi mrefu alikuwa upande wa pili, amesimama karibu na muuza viazi. Mkono wenyewe ukapapasa mfuko, kama kawaida yake. Safari hii mfuko haukuwa mtupu.

Nikavuka barabara kumfuata.

Akaniambia, "Bwana, wewe ndiye unayenikimbia tangu mwaka jana. Nilikuwa najiuliza nimekukosea nini." Nikatoa karatasi yangu, nikamkabidhi. Akaisoma yote polepole, jina la mtoto, la mama, la baba, tarehe. Akaikunja vizuri, akanirudishia, akavua kofia yake ndefu, akasema hongera.

Tukasimama pale tukicheka, mimi na polisi, na muuza viazi akanipa viazi viwili bure vya Lila.

Mahamri yangu sita sijayasahau.

Suresh, Sudha na Lila